Jarida likiacha kuja kwa karatasi: jinsi ya kuomba kulisoma kwenye intaneti

Barua ya mchapishaji huwa fupi: kuanzia juzuu ya mwaka ujao jarida halitachapwa tena, litasomwa kwenye intaneti tu. Wengi hapa Lubumbashi hudhani kwamba usajili ukishalipwa, jarida litajifungua lenyewe. Halijifungui, haki hiyo lazima iombwe. Nawaandikia wenzangu wa maktaba za vyuo na hospitali ili wasipoteze muda tuliopoteza sisi.

Msitupe bahasha ya toleo la mwisho. Mara nyingi namba ya msajili imechapwa kwenye kibandiko chake, karibu na jina la maktaba, na bila namba hiyo ni vigumu mfumo wa mchapishaji kuwatambua. Mliojisajili kupitia wakala, mwombeni yeye. Siku hiyohiyo piteni rafuni mkague matoleo yaliyokosekana, myadai. Madai yana muda wake, na chapa ikisimama nakala za ziada huisha haraka.

Kufungua akaunti ya taasisi ni jambo dogo. Tumieni tu baruapepe ya maktaba, si ya mtu, ili mhusika akihamishwa akaunti ibaki.

Kazi yenyewe iko kwenye anwani ya IP. Kwa kawaida mchapishaji hamfungulii msomaji mmojammoja, anaufungulia mtandao wa taasisi, na fomu itadai namba ambayo mtandao wenu unaonekana nayo huko nje. Mkiangalia mipangilio ya kompyuta mtaona namba inayoanza na 192.168 au 10. Hiyo ni ya ndani ya jengo, ofisi zisizo na idadi duniani zinayo hiyohiyo, na fomu itarudishwa. Mkiwa kwenye mtandao wa maktaba, fungueni tovuti inayoonyesha anwani ya umma, mchukue ile.

Hata hiyo haitoshi. Sisi tuliituma, majarida yakafunguka, kisha umeme ukakatika. Uliporudi, ruta ikawaka na anwani nyingine na majarida yote yakafungwa, wakati wanafunzi wa udaktari wanamalizia tasnifu zao. Basi jaribuni mapema: andikeni anwani, zimeni ruta, iwasheni, angalieni tena. Ikibadilika, au mkiwa mnatumia modemu ya simu ambako wateja wengi hugawana anwani moja, mwombeni mtoa huduma anwani ya umma isiyobadilika. Barua iwe ya Kifaransa, isainiwe na mkuu wa taasisi, na itaje maneno haya kamili: « adresse IP publique fixe ». Sisi tulilipa, tukapewa anwani iliyobadilika tena umeme ulipokatika, tukalazimika kudai upya. Kwa hiyo msisaini karatasi ya kupokea huduma kabla fundi wao hajazima na kuwasha ruta mbele ya macho yenu. Malipo ya anwani hiyo yaingizwe kwenye bajeti ya usajili, kwa sababu yakikatwa, majarida nayo yamekatwa.

Kabla ya kulipia mwaka mpya, ulizeni kwa maandishi: tukiacha kulipa, ile miaka tuliyolipia tutaendelea kuisoma? Karatasi ikishafika rafuni ni mali yenu. Leseni ikiisha, mnaweza kubaki mikono mitupu. Jibu likiwa ndiyo, liingie ndani ya mkataba. Angalieni pia Keepers Registry, orodha ya Kituo cha Kimataifa cha ISSN (namba inayotambulisha kila jarida), mjue kama jarida limehifadhiwa Portico au CLOCKSS, hifadhi za kudumu za majarida ya intaneti.

Kwenye katalogi, fungeni rekodi ya karatasi kwa kutaja juzuu na toleo la mwisho mlilopokea. Toleo la intaneti lina ISSN yake, hivyo lifungulieni rekodi yake na muziunganishe hizo mbili.

Pesa ikikosekana, ombeni Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Humo mna Hinari ya majarida ya afya, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, na AGORA ya kilimo. Kongo yetu iko katika kundi A, lisilolipa. Anayesajiliwa ni taasisi, mtu binafsi hakubaliwi, kwa hiyo mkuu ajue ombi linatumwa kwa jina lake. Nywila ikifika, isibandikwe ukutani wala kutumwa kwenye vikundi vya WhatsApp: wachapishaji wakiona makala zinapakuliwa kwa wingi usio wa kawaida, wanaweza kuifungia taasisi nzima.