Kuku na makaroni kwa chungu cha umeme: vipimo na muda wa Nyanda za Juu Kusini

Chungu cha umeme cha kupikia polepole, kile chenye bakuli zito la kauri ndani na kifuniko cha kioo, kinaifaa sana mikoa yetu ya baridi. Unakipakia asubuhi, ukirudi jioni kuku ameiva. Shida ni kwamba vipimo vingi vinavyosambaa mtandaoni vimetoka kwa watu wanaopika usawa wa bahari au karibu yake. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100. Njombe iko juu zaidi, na maji yake huchemka kwa joto dogo zaidi. Mchuzi hauwezi kupita sana joto lake la kuchemka hata ukiuacha kutwa nzima, ndiyo maana karoti na makaroni huku huchelewa kuiva kuliko Dar es Salaam.

Kuku mwenyewe hana tatizo, nyama hulainika vizuri hata chini ya nyuzi 90. Chakula hiki huharibiwa na makaroni, kwa sababu mpishi huyatia mapema akidhani anafidia ule ucheleweshaji. Yanakaa kwenye vuguvugu, yananyonya maji, yanakuwa uji. Makaroni hutiwa mwisho, mchuzi ukiwa unachemka.

Vipimo vya watu 6, chungu cha lita 4 hadi 4.5

Kuku mmoja wa kilo 1.5, akatwe vipande 8 hadi 10 na kuondolewa ngozi. Makaroni mafupi gramu 300. Usimalize pakiti ya gramu 500, itanyonya mchuzi wote. Nyanya mbivu gramu 600, kama 6 za wastani, na nyanya ya pakiti gramu 70. Vitunguu maji 2, kitunguu saumu punje 5, tangawizi kipande cha kidole gumba, karoti 2, hoho 1. Mafuta vijiko 3 vya chakula, chumvi vijiko 2 vya chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai. Maji ya moto mililita 300. Mwishoni utahitaji maziwa freshi mililita 150, jibini iliyokunwa gramu 80 (ya Njombe inayeyuka vizuri), na giligilani.

Nyanya za Ilula zikiwa msimu chagua zile ndefu zenye nyama nyingi. Zile za mviringo zenye maji mengi zinafaa kachumbari; humu zitakuletea mchuzi mwepesi usiopungua, kwani mvuke wa chungu hiki hugonga kifuniko na kurudi ndani.

Kuku gani, muda gani

Hili ndilo swali la kumuuliza muuzaji pale sokoni Mwanjelwa (Mbeya) au Mashine Tatu (Iringa) kabla hujalipa: kuku ana umri gani, na ni wa aina gani. Muda unategemea hapo kuliko kitu kingine chochote.

Kwenye kitufe cha chungu, HIGH ni moto mkubwa na LOW ni moto mdogo. Kuku wa kisasa wa wiki 5 au 6: HIGH saa 2 na nusu hadi 3, au LOW saa 5 hadi 6. Akizidi hapo kidari kinakuwa nyuzinyuzi kavu ingawa amelala ndani ya mchuzi. Chotara: HIGH saa 4, LOW saa 7. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa, au kuku wa mayai aliyemaliza kutaga: HIGH saa 5 hadi 6, LOW saa 8 hadi 9. Huyu wa mwisho bei yake ni nafuu na watu humkwepa kwa ugumu wake, lakini kwa chungu hiki ndiye bora kabisa. Viungo vyake vina utando mwingi unaoyeyuka polepole, na mchuzi unapata uzito ambao kuku wa kisasa hawezi kuutoa.

Hatua ya 1: pasha chungu

Mwezi wa Juni na Julai vyombo vya jikoni vinaamka baridi kweli. Washa chungu HIGH kikiwa na kikombe cha maji ya vuguvugu, funika, uanze kukata viungo. Dakika 20 zinatosha, kisha mwaga maji hayo. Usimimine maji yanayochemka kwenye bakuli la kauri lenye baridi, wala maji ya baridi kwenye bakuli lenye moto, litapasuka.

Kuku aliyeganda asiingie. Atakaa saa nyingi kwenye joto ambalo vijidudu huzaliana, kabla hajaanza hata kuiva. Myeyushe kwenye friji usiku kucha.

Hatua ya 2: kaanga kwanza

Chungu hiki hakikaushi wala kubadili rangi ya nyama, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike kwenye kikaango. Mpake kuku nusu ya chumvi, mkaange kwenye mafuta ya moto dakika 4 kila upande bila kumgeuzageuza. Mtoe. Kwenye mafuta yaleyale weka vitunguu maji mpaka viwe rangi ya dhahabu, kisha saumu na tangawizi, halafu nyanya ya pakiti. Ikoroge mpaka igeuke nyekundu iliyoiva na mafuta yajitenge pembeni. Hapo ukali wa nyanya mbichi umeisha. Ukiiruka hatua hii utausikia ukali huo mdomoni hata baada ya saa 8.

Tia nyanya zilizokatwa, chumvi iliyobaki, pilipili manga na maji ya moto. Kwangua yale yaliyoganda chini ya kikaango, ndiyo utamu wenyewe, na acha vichemke.

Hatua ya 3: panga kwa mpangilio

Karoti chini kabisa, zikatwe unene wa nusu sentimita. Hulainika taratibu kuliko nyama, na uchachu wa nyanya huzichelewesha zaidi, hivyo zikae karibu na joto. Juu yake mapaja na miguu, kisha mabawa, kidari juu kabisa. Mimina mchuzi ukiwa bado unachemka. Usijali ukiona vipande vya juu havijazama. Kuku mwenyewe atatoa maji. Chungu kijae nusu hadi robo tatu, si zaidi.

Funika, weka muda, uondoke. Kila ukifunua unapoteza joto linalohitaji kama dakika 20 kurudi, na kwenye baridi ya Uyole au Makete ni zaidi. Tazama kupitia kioo.

Hatua ya 4: makaroni

Hakikisha kwanza kuku ameiva: paja likichomwa karibu na mfupa maji yatoke meupe bila damu, au kipimajoto kisome nyuzi 74 na kuendelea. Mtoe wote, mfunike kwenye bakuli. Wengi humwacha ndani na kumwaga makaroni juu yake; yanayobaki nje ya mchuzi hukauka, yaliyozama huvunjika.

Ondoa mafuta yanayoelea. Mchuzi uliobaki uwe kama mililita 800 hadi 900. Ukipungua ongeza maji yanayochemka. Ukizidi, uchote na kuuhifadhi pembeni. Weka HIGH, funika, subiri mpaka uone mapovu pembeni. Tia makaroni na hoho, koroga, zamisha yote.

Baada ya dakika 10 koroga mara moja kuyatenganisha. Anza kuyaonja dakika ya 22. Pakiti ikisema dakika 9 kwa maji yanayochemka, humu kwa Mbeya au Iringa tegemea 25 hadi 35. Ng'ata moja: katikati pakibaki na kidoti cheupe, bado, kikiwa karibu kutoweka, zima.

Aina ya makaroni ina uzito wake hapa. Yale ya ngano ngumu yana rangi ya manjano kama kaharabu na yakivunjwa yanakatika kwa mlio. Yanavumilia. Yale meupe yenye ungaunga ni ya ngano laini, na chungu hiki yatakifanya kijae gundi. Hayo yachemshe kando kwa maji mengi yenye chumvi, yachuje yakiwa bado na ugumu kidogo, uyachanganye na mchuzi mwishoni. Tambi nyembamba usijaribu kabisa.

Hatua ya 5: maziwa na jibini

Zima chungu, acha kifuniko wazi dakika 5. Pasha maziwa kidogo, yachanganye na vijiko vichache vya mchuzi, kisha uyarudishe yote ndani ukikoroga. Ukiyatia ya baridi kwenye nyanya zinazochemka yatakatika vipandevipande. Fuata na jibini, mrudishe kuku, nyunyiza giligilani. Pakua ndani ya dakika 10, kwani makaroni hayaachi kunywa mchuzi hata chungu kikiwa kimezimwa.

Mchuzi mwepesi, na umeme

Mchuzi ukiwa mwepesi kabla ya makaroni, uhamishie kwenye sufuria uchemke wazi kwenye gesi dakika 10. Unga wa ngano uliokorogwa na maji utasaidia pia, lakini ladha inafifia.

Mtu akitaka kuongeza maharage mekundu, lazima yalowekwe, yamwagwe maji, kisha yachemshwe kwenye jiko mpaka yaive kabisa. Yakiwa mabichi yana sumu, na joto la LOW linaweza lisiiondoe.

Chungu cha wati 250 kwa saa 4 hakizidi uniti 1 ya LUKU. Umeme ukikatika ukiwa nyumbani, hamishia kila kitu kwenye sufuria umalizie kwa gesi au mkaa wenye majivu juu. Ukirudi ukakuta saa ya ukutani ya umeme imejirudisha mwanzo na hujui ulikatika muda gani, usimle huyo kuku hata akionekana ameiva.