SOMO: Majina ya laibrari za .so, .dll na .dylib (acheni kuandika "lib" kwa mkono)

Wakuu, swali la "mbona kwangu imetoka liblibhesabu.so?" nimelijibu PM mpaka nimechoka. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nampa linki.

1. Chagua jina tupu la laibrari (faili la msimbo ambao programu nyingine zinautumia): hesabu. Bila lib, bila .so. CMake inaviongeza yenyewe; ukiandika lib kwa mkono ndipo inatoka liblib.

2. Kwenye CMake (zana ya kujengea programu): add_library(hesabu SHARED hesabu.c). Linux utapata libhesabu.so, Mac libhesabu.dylib, Visual Studio hesabu.dll.

3. Weka toleo. Hapa tulieni.

set_target_properties(hesabu PROPERTIES VERSION 2.1.0 SOVERSION 2)

Linux yanazaliwa majina matatu. libhesabu.so.2.1.0 ndiyo faili lenyewe. libhesabu.so.2 ndilo programu inalitafuta ikiwaka, na limeandikwa ndani ya faili kama SONAME. libhesabu.so ni ya kulinkia tu, yaani kuunganisha programu na laibrari wakati wa kuijenga. Haya mawili ya mwisho ni viungo (symlink) vinavyoelekeza kwenye faili lenyewe. Mimi niliwahi kuandika Makefile (faili la maagizo ya kujenga, bila CMake) kwa mkono nikasahau -Wl,-soname,libhesabu.so.1. Programu ya mauzo ya mteja ikawa inaokota libhesabu.so yoyote inayoikuta. Siku nilipobandika toleo jipya, lenye "punguzo" nililochomeka katikati ya idadi na bei kwenye struct (kundi la data zinazokaa kwa mpangilio maalumu), hakuna kosa lililotokea kwenye skrini. Bei ya sukari ilisomwa kama punguzo, risiti ikatoka hasi. Nilipigiwa simu kabla sijanywa chai.

ONYO: SOVERSION si namba ya kutangazia toleo. Inapanda ukivunja ABI tu (mpangilio ambao programu zilizokwisha kukompailiwa zinautegemea, kama wa struct hiyo).
ONYO: Kuhamisha, tumia cp -a. Ukitumia cp tupu, viungo vinageuka mafaili matatu mazima.

4. Hakiki: readelf -d libhesabu.so | grep SONAME. Mac: otool -D.

MASWALI

— Mkuu, kwangu bado inatoka liblibhesabu.so.
Hatua ya 1.

— Windows hiyo SOVERSION inaenda wapi? Tuna Meson (zana nyingine ya kujengea) na CMake kwenye mradi mmoja, DLL zinatoka majina tofauti.
Swali zuri hili. Meson ukiipa soversion inatoa hesabu-2.dll, CMake kwa kawaida inaiacha hesabu.dll. Kuanzia CMake 3.27 washa DLL_NAME_WITH_SOVERSION, zitalingana. Ukikompaili kwa MinGW (GCC ya Windows, badala ya Visual Studio), lib inarudi mbele. Iondoe kwa PREFIX "".

— Android imekataa.
Imekataa ikisemaje? Leta kosa lenyewe.

— dlopen failed: library "libhesabu.so.2" not found
Sasa tunaelewana. Kwenye APK (faili la app ya Android) jina lazima liishie .so, namba hairuhusiwi. CMake ikijua unajengea Android inaiacha yenyewe, kwa hiyo nahisi umetumia Makefile. Toa .2 kwenye -soname, ulinki upya. Java unaita System.loadLibrary("hesabu"), bila lib.

— Plagini yangu Mac imetoka .so, si .dylib. CMake imeharibika?
Haijaharibika. Umeandika MODULE badala ya SHARED kwenye add_library, na MODULE kwenye Mac inatoka .so.

— Nyongeza: ukiwa na .so isiyo na SONAME na source code huna, zana ya patchelf kwa --set-soname inaiandika.
Asante sana mkuu. Ila programu zilizokwisha kulinkiwa na jina la zamani zitataka patchelf --replace-needed pia, ili zitafute jina jipya.