Mirathi hatua kwa hatua: ukishapewa barua ya usimamizi ndo kazi inaanza

Mi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga, nakaa Makorora, na haipiti wiki sijaletewa bahasha ya mirathi iliyolala miaka. Ukiifungua, barua ya usimamizi, yani karatasi ya mahakama inayomtambua msimamizi wa mirathi, ipo, mhuri upo, basi, hakuna kingine kilichofanyika. Watu wanadhani ile barua ndo mirathi yenyewe. Kwaiyo naeleza kuanzia mwanzo mpaka kufunga faili, kwa sisi tunaopitia mahakama ya mwanzo, yani marehemu alikuwa muislamu au mambo yake yalienda kimila. Kama aliishi kikristo uliza kwanza kabla hujajaza kitu, maana mahakama ya mwanzo inaweza isiwe na mamlaka.

Hatua ya kwanza, cheti cha kifo. Chukua kibali cha mazishi, nenda wilayani kwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, fanya mapema wakati watu bado wanakumbuka tarehe. Kagua majina herufi kwa herufi, maana kwenye hati ya nyumba mzee ni Mohamedi, kwenye kitambulisho cha NIDA ni Muhammad, benki wana lingine, alafu unaanza kuhangaika na viapo vya majina.

Hatua ya pili ni kikao cha familia, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Muhtasari uwe na tarehe, warithi wote hata wa mama mwingine, hata yule aliyeko Mombasa hajapiga simu miaka, na jina la msimamizi mliyemchagua, kila mtu asaini. Mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10, na mimi nimeona mara nyingi mno mambo yakiamuliwa barazani huku mama yumo ndani, anapelekewa karatasi asaini tu. Kikao kifanyike hapohapo nyumbani kwake, asomewe kila mstari, na akisema shuka hili na cherehani hii ni vyangu nilinunua kwa hela ya maandazi basi ni vyake, sio mirathi.

Kwenye kikao hichohicho andikeni mali. Sio "nyumba Ngamiani na shamba Pangani", hapana. Baba yetu alivofariki sisi tuliandika "shamba la minazi" tukaona imetosha, baada ya mwaka tunaenda kuangua, jirani anasema minazi 12 ya upande wa mtoni aliwekewa rehani na marehemu. Hatukuwa na karatasi wala hesabu, na mzee ndo keshalala. Huku kwetu mnazi una mwenyewe na ardhi inaweza kuwa na mwenyewe mwingine, kwaiyo nendeni shambani na majirani wa pande zote, hesabuni mnazi mmoja mmoja, andikeni mipaka, mwenyekiti wa kijiji asaini. Madeni nayo yaandikwe, anayodai na anayodaiwa. Na mahari! Kama mume hakumaliza kulipa mahari lile ni deni la mkewe, linatoka kabla ya mtu yeyote kugawiwa.

Ya tatu ni mahakama, na hii haina mambo mengi. Nenda mahakama ya mwanzo ya sehemu alikokuwa na makazi ya kudumu, jaza fomu namba 1, ambatanisha cheti cha kifo na muhtasari, litatoka tangazo, mwenye pingamizi ajitokeze. Asipotokea mnasikilizwa, wadhamini wanasaini, unapewa fomu namba 4. Hiyo ndo barua.

Sasa hapa ndo faili nyingi zinapofia. Kuanzia siku uliyoteuliwa una miezi 4 ya kurudisha fomu namba 5, orodha ya mali na madeni yote, na kama muda hautoshi unaomba uongezewe, hukai kimya. Msimamizi sio mrithi mkuu hata kama ndo kaka mkubwa, yeye ni mkusanyaji, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu. Kodi ya wapangaji iandikwe kwenye daftari kila mwezi. Hela za benki mara nyingi zinapitia akaunti ya mahakama, na laini ya simu ya marehemu msiitoe hela kienyeji kwa kuwa mtu anaijua namba ya siri, ile nayo ni mali ya mirathi.

Kugawa kwa sheria ya kiislamu, mfano huu: marehemu kaacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja, wazazi wake wametangulia, na baada ya madeni imebaki milioni 40. Mke anapata moja ya nane, milioni 5. Inayobaki ni 35, mnaikata mafungu matano, kila wa kiume mafungu mawili yani milioni 14, wa kike fungu moja, milioni 7. Wasia ukiwepo usizidi theluthi na usiwe kwa mrithi, labda warithi wengine waridhie.

Nyumba yenye hati inahamia kwanza kwa jina la msimamizi kwa nafasi yake ya usimamizi, ndo baadae inaenda kwa warithi au kwa mnunuzi, kwaiyo msikubali kuuza kwa karatasi za mkono mnazoandikiana wenyewe.

Mwisho fomu namba 6, hesabu. Kila mrithi asaini alichopokea, watoto wadogo andika fungu lao liko wapi na nani analishika, alafu muombe mahakama ifunge shauri. Siku hiyohiyo omba nakala zenye mhuri, moja ya msimamizi, moja akae nayo mama.