Kijiti cha kupimia maji kwenye maporomoko

Ukitoka Malindi alfajiri kwenda kuoga kwenye maporomoko ya Sheldrick, katika msitu wa Shimba Hills, chomeka kijiti ukingoni mwa maji kabla hujavua viatu, kisha ukitazame kila baada ya dakika 10. Maji yakikivuka, au yakigeuka rangi na kuleta majani makavu, panda juu mara moja hata kama jua linawaka, kwa kuwa huenda mvua imenyesha juu mtoni; ndivyo mto Sabaki unavyoichafua bahari yetu ya Malindi kwa udongo wa bara huku mjini hakuna hata wingu. Penye mwamba mtupu, tumia jiwe lililozama nusu. Mafuriko ya ghafla hayakingoji kijiti, basi ukisikia ngurumo usiingie kabisa.