Dashibodi ya mbao ya ndege ya zamani: igeuze kwanza

Mtu akiniletea dashibodi ya mbao ya ndege ya zamani, kama zile za Tiger Moth ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931, neno la kwanza huwa ni vanishi. Mimi ni seremala wa fanicha hapa Arusha, vanishi naipenda sana, lakini namwambia tuigeuze kwanza. Hali halisi ya mbao hii iko mgongoni na ndani ya matundu.

Vyombo vya kusomwa na rubani avitoe mhandisi wa ndege mwenye leseni. Wewe piga picha, na kila mrija uufunge utepe wa karatasi ulioandikwa unakokwenda. Kipima kasi na kipima kimo hufanya kazi kwa hewa ya mirija hiyo. Ikibadilishana, rubani atasoma uongo angani. Na namba zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani usiziguse, wala kioo usifungue. Vyombo vingi vya miaka ya 1930 na 1940 vilipakwa rangi yenye radiamu. Hata kama mng'ao umekufa, mionzi ipo: radiamu huchukua miaka kama 1,600 kupungua nusu, na vumbi lake likiingia kifuani ni hatari.

Sasa mbao. Gonga taratibu kwa kucha kuanzia ukingoni. Mlio ukibadilika, ukawa wa uwazi, tabaka za plaiwudi zimeachana. Ingiza gundi ya epoksi kwa bomba la sindano, funika kwa nailoni, bana kwa klampu na kipande cha mbao bapa, uache hadi kesho yake.

Matundu ndiyo roho ya kazi. Vyombo vingi vya ndege huingia kwenye tundu la inchi 3⅛, karibu milimita 80, na skrubu nne kulizunguka. Skrubu zilizolegea usizijazie unga wa mbao na gundi, maana injini ikitetemeka vitatoka. Toboa upana kidogo, gongomea kijiti cha mbao ngumu chenye gundi (mninga unanifaa sana), kikate sawa na uso, kisha toboa upya.

Msasa uwe wa mkono, namba 180 halafu 320, kufuata nyuzi za mbao. Mashine itakula vinia, lile tabaka jembamba la juu, kabla hujashtuka. Stilwaya ya kusugulia sufuria ibaki jikoni: vipande vyake hunasa kwenye mbao, na chuma karibu na dira huipotosha.

Vanishi ipakwe mbele, nyuma, kingoni na ndani ya kila tundu. Ukipaka uso tu, masika mgongo utanyonya unyevu na dashibodi itapinda. Chagua isiyong'aa sana, nyembamba, mikono kadhaa. Jua la saa kumi la uwanja wa ndege wa Kisongo likigonga vanishi ya kioo, linarudi machoni kwa rubani. Paka asubuhi kabla vumbi halijaamka.

Kuzunguka dira tumia skrubu za shaba peke yake. Vyombo vikisharudi, ndege izungushwe uelekeo baada ya uelekeo, mhandisi apime dira inakosea nyuzi ngapi na aandike kadi mpya ya kubandikwa kando yake.