Jinsi ya kumuona gayogayo mchangani na kumjua ni yupi

Watu wengi wanampita gayogayo, yule samaki bapa anayelala mchangani, kila maji yakipwa na hawana habari, mana huyu hahitaji jiwe wala pango la kujifichia, yeye amelala hapohapo peupe hatua mbili toka ulipo. Hapa naongelea zaidi yule wa madoadoa, Bothus pantherinus, anayepatikana Bahari ya Shamu, pwani yetu ya Afrika Mashariki, mpaka Hawaii kule Pasifiki. Ukishajua mwili wake umekaaje kumuona sio kazi tena.

Gayogayo hazaliwi bapa. Akitoka kwenye yai ni kisamaki kidogo unaweza kuona mpaka ndani, jicho moja huku jingine kule kama samaki yeyote, anaelea tu na mkondo, alafu akifikia umri wake jicho la kulia linaanza kuhama, linasogea taratibu mpaka linatokea upande wa kushoto na kukaa jirani na mwenzake, mifupa ya kichwa nayo inapinda kulifuata, hapo ndo anashuka chini na kulalia ubavu wa kulia maisha yake yote. Kwaio ile sehemu ya juu unayoiona wala sio mgongo, ni ubavu wa kushoto. Mgongo na tumbo ni zile kingo mbili zilizozungukwa na mapezi marefu. Ubavu wa chini hauna rangi, mweupe tu. Na akishakuwa mkubwa hana kibofu cha hewa, akiacha kuogelea anazama, ndo mana maisha yake yote ni chini.

Pa kumtafuta: mchanga laini, au mchanga wenye tope kidogo, uliopo katikati ya matumbawe au pembeni ya majani ya bahari. Changarawe kubwa achana nazo, hawezi kujifukia humo. Anaanzia maji mafupi kabisa mpaka kina kirefu ambacho we hufiki, kwaio anayeanza atosheke na maji ya magoti hadi kiuno. Mimi naona uanzie pale mchanga unapokutana na majani au mwamba, mana chakula chake ni samaki wadogo, kamba na kaa, na hao hawapendi kukaa mbali na maficho yao.

Nenda siku upepo umelala, maji maangavu, na uvae miwani ya kuzamia, hata kama ni kuinamisha uso tu. Kivuli chako kisikutangulie. Alafu buruta miguu, usinyanyue na kukanyaga, hili nalisisitiza kabisa mana mchanga huohuo anaolala gayogayo ndo anaolala samaki taa na mwiba wake, na taa akisikia miguu inaburuzwa kwa kawaida anaondoka mwenyewe. Vaa viatu vigumu pia, kuna samaki mwenye sumu anayefanana kabisa na jiwe.

Sasa kuangalia kwenyewe. Usitafute samaki, tafuta macho. Akijifukia anajipigapiga chini mchanga unaruka unamwangukia, mwili wote unapotea, macho yanabaki nje yametokeza, na kila moja linazunguka kivyake, moja linaweza kuwa linakuangalia we na lingine linaangalia kule. Ukikaa kimya hapo dakika moja utaona na punje za mchanga nyuma ya macho zinacheza kidogo kidogo, hayo ni matamvua yanapumua. Kuanzia hapo fuata mzingo wa mwili, utauona mwembamba sana umechora yai mchangani. Kuhusu rangi usijichoshe kuikariri, anaibadilisha ifanane na chini alipolala, na anaongozwa na macho yake katika hilo, jamii yake ya Bothus wanaweza kubadilika ndani ya sekunde chache tu.

Akikukimbia usimfukuze! Haendi mbali, anateleza chini chini karibu na mchanga, anasimama ghafla, anajifukia tena. We weka macho pale vumbi lilipotulia, yupo hapo.

Kumjua ni yupi: muangalie upande wenye macho, mgongo ukiwa juu tumbo chini. Tumbo utalijua kwa kale kamfuko ka utumbo kanakokaa nyuma tu ya matamvua, upande wa ukingo wa chini. Kichwa kikielekea kushoto kwako, macho yake ni ya kushoto, na Bothus ni hivyo. Huyu wa madoadoa ana viduara na mabaka mwili mzima, na baka moja jeusi kubwa zaidi katikati ya ule mstari wa ubavuni. Dume ana pezi la kifuani lenye nyuzi ndefu sana zinazoweza kufika karibu na mkia, na macho yake yameachana zaidi kuliko ya jike.

Ukikuta mwenye mdomo mpana, meno makali, na jicho la juu limekaa ukingoni kabisa mwa kichwa, huyo ni samaki bapa mwingine, Psettodes erumei, na kwake macho yanaweza kuwa kulia au kushoto.

Samaki bapa wa kuwa naye makini ni Pardachirus marmoratus. Macho yake yako kulia, mdomo mdogo umepinda, na mapezi ya kifuani hana kabisa. Kwenye mashina ya mapezi ya kingoni ana vitundu vinavyotoa maziwa meupe yenye sumu, na miaka ya 1970 mtafiti Eugenie Clark aliona kwenye Bahari ya Shamu kwamba hata papa wanashindwa kumuuma. Huyo muangalie kwa macho tu, na kama ulishamshika nawa mikono vizuri kabla hujajigusa macho au mdomo.