Talaka ya makubaliano bila wakili: anzeni baraza, sio mahakamani

Kama wewe na mwenzio mmeshakaa mkaongea mkaelewana kwamba ndoa basi, hamgombanii nyumba wala watoto, mnachotaka ni karatasi tu, basi kwa huku Tanzania Bara wakili sio lazima. Mimi nilifungua mwenyewe nikamaliza mwenyewe, na kilichonichelewesha haikuwa hakimu wala mwenzangu, ilikuwa karatasi moja ya baraza, nitaeleza. (Wa Zanzibar nyie mna sheria zenu na Mahakama ya Kadhi, haya ni ya Bara chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971.)

Kwanza hesabu miaka. Kama ndoa haijafikisha miaka 2 huwezi kufungua hivi hivi, mpaka uombe ruhusa ya mahakama na uonyeshe unateseka kupita kawaida. Imepita miwili? Twende.

Sasa watu wengi wanakimbilia mahakamani moja kwa moja na wanarudishwa mlangoni. Sheria inataka mpite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lipo la kata, na kuna ya kidini kama BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) au kanisani, wengine wanapitia Ustawi wa Jamii. Huko wakili haruhusiwi kabisa kuwasimamia kwahiyo hata mwenye hela zake atakaa kwenye benchi kama wewe. Na msiende na kauli ya "tumeshakubaliana tupeni karatasi", wale wazee kazi yao ni kusuluhisha sio kugonga muhuri, watawauliza, watawaambia mkafikirie mrudi, pengine wataita wazazi au wasimamizi wa ndoa, nyie nendeni kila mnapoitwa na mjibu kwa adabu hata kama swali linakera. Mmoja akigoma kuja baada ya kuitwa kihalali muombe baraza liandike hivyo.

Wakishindwa kuwapatanisha ndo mnapewa hati, na hapa naomba usome taratibu. Hati yenyewe ni Fomu namba 3. Mimi nilipewa barua, imeandikwa kwa mkono vizuri tu, "wahusika wameshindwana," na muhuri juu, nikaondoka nimefurahi. Karani wa mahakama akaigeuza mbele nyuma akaniambia hii ni barua tu, mama, Fomu namba 3 iko wapi? Kurudi, mwenyekiti yuko msibani mkoani, wiki mbili zikaenda hivyo. Na afadhali mimi nilirudishwa mapema, kuna watu wamefika mpaka Mahakama ya Rufani shauri lote likafutwa kwa sababu kile cha baraza hakikuwa hati ya kueleweka. Kwahiyo kabla hujatoka pale ofisini soma mwenyewe: majina yenu yawe kama kwenye cheti cha ndoa, iseme wazi kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha, saini ya mwenyekiti, muhuri, tarehe. Tarehe ni muhimu kwasababu hati ikipitisha miezi 6 kabla hujafungua shauri haifai tena, unaanza upya.

Kwa ndoa ya Kiislamu kuna kitu kinachanganya watu. Mume kashatoa talaka, shehe kaandika, wanadhani imeisha. Mbele ya sheria ya nchi bado. Na mpangilio una maana: baraza kwanza, wakishindwa na kutoa hati ndo talaka itolewe, alafu mahakamani. Ikienda hivyo mahakama haina maswali mengi, inaona ndoa imevunjika. Ukianza na talaka ndo ukaenda baraza kutafuta karatasi ya kuambatanisha, hapo umejitafutia shida, maana baraza litasuluhisha nini?

Baada ya hapo Mahakama ya Mwanzo inatosha, ina mamlaka ya kuvunja ndoa ya aina yoyote, iwe ya kanisani, ya bomani au ya kimila. Kila kitu pale ni Kiswahili. Kwa Dar ulizia Kituo Jumuishi cha Temeke, kile cha masuala ya familia. Unapeleka cheti cha ndoa, Fomu namba 3, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na maelezo ya madai: mlifunga lini na wapi, watoto majina na umri, mliwahi kuwa na kesi nyingine ya ndoa au la, kwanini ndoa imevunjika, mmekubaliana nini, unaomba nini. Unalipa ada kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), tunza risiti. Mwenzio atapelekewa samansi, yaani wito wa mahakama, hata kama mmekuja naye kwenye bodaboda moja, asikasirike, ni utaratibu tu.

Makubaliano yenu yaandikeni karatasi tofauti, msaini wote, na msiandike kijumla jumla. Usiandike "mali tutagawana." Andika kiwanja kile chenye nyumba ya vyumba viwili kinabaki kwa nani, pikipiki kwa nani, deni la kikoba analipa nani, ada ya shule nani, hela ya matumizi ya watoto shilingi ngapi kila mwezi na inatumwa tarehe ngapi. Na akina mama wenzangu, usiseme "mimi sikuchangia kitu nilikuwa nyumbani". Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983 inajulikana kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Watoto nao, hakimu haendi na mnavyotaka nyie tu, anaangalia maslahi ya mtoto, na chini ya miaka 7 kwa kawaida anakaa na mama labda kuwe na sababu.

Siku ya kusikilizwa ndo wengi wanateleza. Hakimu anauliza kwanini unataka talaka, mtu anajibu tumekubaliana. Huku kwetu makubaliano peke yake hayavunji ndoa, mahakama lazima iridhike kwamba imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Sema ukweli wenye tarehe: tumetengana kwa hiari tangu mwezi fulani mwaka fulani (ikifika miaka 3 ni ushahidi mzuri sana), au ni ugoni, ukatili, kutelekezwa. Mlete shahidi mmoja anayejua, dada au jirani. Mwenzio akisimama akasema ni kweli, sina pingamizi, mara nyingi mnamaliza mapema.

Hukumu ikitoka, ombeni nakala ya hukumu na hati ya talaka iliyogongwa muhuri, na muulize karani kuhusu usajili RITA (wakala wa serikali wa usajili), usifikiri inajisajili yenyewe. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa kwahiyo usikimbilie kutangaza harusi nyingine wiki hiyo hiyo. Na yale majina yasome tena hapo hapo dirishani, yangu ilikosekana herufi moja, karani akarekebisha kwa dakika kumi.